Gramu Ishirini na Tano za Mama Milimita

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, saa tisa na nusu alasiri, tabibu wa meno wa chumba namba nne atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari ule ule alioukuta siku ya kwanza, na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi mitano kazini. Sisi tuliofanya naye kazi hatujawahi kumwita kwa jina lililo kwenye faili lake. Kwetu ni Mama Milimita. Hata barua ya kukubali kustaafu kwake, nasikia, karani aliianza kwa jina hilo, akakumbuka yuko ofisini, akachana karatasi.

Niseme mapema kwamba anaondoka miaka miwili kabla ya wakati wake, na kwa sababu hiyo maneno yamekuwa mengi. Kwenye foleni ya chai wapo wanaosema amegombana na Mkuu wa kliniki. Wapo wanaosema amepata kazi kwingine, kwenye viyoyozi. Dada wa mapokezi, ambaye habari haimpiti, ana uhakika kwamba mama anakwenda kulea wajukuu, ingawa mjukuu mwenyewe ni mmoja na yuko kidato cha pili. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilimwendea mwenyewe nikamuuliza niandike nini. Akaniambia niandike kama ilivyo, nisipunguze wala kuongeza, na kama nitaona haya basi nimpe karatasi aandike yeye. Basi naandika. Sababu yenyewe nimeiweka mbele huko, kwa kuwa haieleweki mpaka mtu aujue kwanza mkono wake.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na minne. Kliniki ilikuwa na viti viwili vya wagonjwa, kimoja kikipanda na kushuka, kingine kikishuka tu. Akapewa hicho cha kushuka. Alikiwekea matofali mawili chini na kufanyia kazi kwa miaka sita bila kulalamika, ila kila mwezi aliandika barua ya kuomba kiti, na kila barua ilieleza kwa milimita jinsi matofali yalivyokwisha kuzama sakafuni. Mwaka wa saba kiti kikaja. Mkuu wa wakati ule, mzee mmoja mpole, alisema afadhali kununua kiti kuliko kusoma barua nyingine.

Kwa wenzetu wa idara nyingine wanaodhani kwamba sisi kazi yetu ni kung'oa tu, naomba nieleze kidogo. Fizi nzima hulibana jino kama kola ya shati iliyofungwa kifungo cha juu. Ukoga ukiachwa ukakauka na kuwa mgumu kama jiwe, fizi huvimba na kutoa damu, kisha hulegea, na kati yake na jino panakuwa na mfuko. Mfuko wa milimita mbili au tatu haumtishi mtu. Wa tano una maneno. Ukifika saba, ujue jino limeanza kuaga, na mwenye jino mara nyingi hana habari, maana ugonjwa wa fizi hauna kelele kama jino lililooza.

Kupima mifuko hiyo kuna kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Unakiteremsha taratibu kando ya jino, sehemu sita kila jino, unatamka namba kwa sauti, msaidizi anaandika. Tatu, mbili, tatu, tano, nne, tatu. Ukipita koridoni asubuhi yoyote ulimsikia. Mlinzi wetu wa mlangoni anasema miaka hii yote ameshajifunza: akisikia tatu tatu mbili anajua mgonjwa atatoka akitabasamu, akisikia sita anasogeza benchi karibu na mlango.

Lakini kijiti kina siri yake. Ukibonyeza kwa nguvu, kinaingia zaidi na fizi nzima inaonekana mgonjwa. Ukibonyeza kwa kusitasita, kinaishia njiani na fizi mgonjwa inaonekana nzima. Nguvu inayotakiwa ni kama gramu ishirini na tano, na gramu ishirini na tano hakuna macho yanayoweza kuziona. Ndiyo maana Mama Milimita aliokota mzani mdogo wa barua uliotupwa na masjala, akausafisha, akauweka kwenye meza ya chumba namba nne. Kila Jumatatu saa mbili kasorobo, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, kila anayeshika kijiti katika kliniki hii alitakiwa aje aubonyeze mara tatu. Namba ziliandikwa kwenye daftari lenye jalada jekundu. Hakujali cheo. Nilipofika hapa na shahada yangu mpya, nikiwa nimenyoosha koti kwa pasi mpaka linakata, nilibonyeza mara tatu nikapata arobaini na moja, kumi na saba na thelathini na nane. Aliniangalia kwa huruma, akasema kwamba mwanangu, kwa mkono huu hata ukuta ungetoka damu. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa nimevimba. Nilimkasirikia wiki nzima, na usiku nilikuwa nikijifunza kwenye mzani wa jikoni wa mke wangu.

Sasa tuje kwenye leza.

Miaka tisa iliyopita, kwa maombi yangu mwenyewe na kelele nyingi, kliniki ilipata mashine ya leza ya kutibu fizi. Ilikuja kwenye boksi lililofungwa utepe. Siku ya kuifungua kila mtu alivaa vizuri, tukapiga picha, na msaidizi mmoja akaibatiza Bwana Harusi. Jina likashika. Mashine yenyewe si kubwa kuliko redio ya mezani. Ina uzi mwembamba wa kioo unaouteremsha ndani ya mfuko wa fizi, unakanyaga pedeli, mwanga unapita, wadudu wanauawa na nyama iliyooza ndani ya mfuko inakauka. Mgonjwa, daktari na msaidizi wote wanavaa miwani ya kinga, na chumba kinakuwa kama cha mafundi wa kuchomelea vyuma.

Kipya kinyemi, wahenga hawakukosea. Mkuu wetu wa sasa, ambaye ni mtu mwema na anayependa maendeleo, alibandika tangazo kubwa getini kwamba hapa fizi zinatibiwa kwa mwanga, bila kukwanguliwa. Watu walikuja. Nani apende kukwanguliwa? Mimi nilijiona nimefika. Mama Milimita alisoma lile tangazo asubuhi akiwa na mkoba wake begani, akalisoma tena, kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu. Alichosema kule kilijulikana kliniki nzima kabla ya saa nne. Alisema bwana harusi ni mtu wa kupendeza na hana ugomvi naye, ila siku ya harusi nyumba huwa imeshafagiliwa na wengine. Mwanga hauondoi jiwe. Jiwe likibaki kwenye jino, fizi itarudi kuumwa, na mgonjwa atakuwa amepata picha nzuri na meno yanayocheza.

Hapo ndipo mgonjwa mmoja anapoingia katika habari hii, na namtaja kwa ruhusa yake. Ni mpuliza tarumbeta wa bendi ya mji, yule mnayemwona kwenye mahafali na harusi akiwa amefumba macho na mashavu yamejaa. Tumezoea kumwita Tarumbeta. Alikuja kwa sababu ya tangazo. Meno yake mawili ya mbele juu yalikuwa yanatikisika, na mpuliza tarumbeta asiye na meno ya mbele hana kazi, maana mdomo wa chombo huegemea pale. Mjomba wake alikuwa amemwambia asikubali kukwanguliwa hata kidogo, kwani ule ukoga mgumu ndio unaoyashikilia meno. Alitaka mwanga peke yake. Mama Milimita alimpa kioo cha mkononi, akamwonyesha damu ilivyokuwa ikitoka pale pale jiwe lilipoegemea fizi, akamuuliza kama hiyo ni kushikilia au ni kula. Tarumbeta alijitazama tena, akarudisha kioo. Kisha akalala kwenye kiti, akasema basi, kwangueni.

Tulibishana mwezi mzima, mimi na mama huyu. Mimi nikisema leza ndiyo mustakabali, yeye akiniuliza umeupima huo mustakabali una milimita ngapi. Mwishowe Mkuu alichoka, akaamua tujaribu. Wagonjwa arobaini wenye mifuko mirefu, Tarumbeta akiwamo, wakwanguliwe wote kinywa kizima kama kawaida, pande zote mbili, kwa vyuma na kwa uangalifu. Halafu upande mmoja uongezewe leza. Baada ya miezi mitatu tupime tuone kama huo mwanga umeongeza kitu juu ya kazi ya vyuma. Nani apime? Hakukuwa na swali. Hapakuwa na mkono mwingine uliokuwa ukitoa ishirini na tano, ishirini na tano, ishirini na tano, kila Jumatatu, mwaka nenda mwaka rudi.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalikiri hapa mbele ya watu. Ili nisijichanganye, niliamua leza iwe upande wa kushoto kwa kila mgonjwa. Kushoto kwa wote arobaini. Nilijiona mjanja. Kliniki nzima ikajua kwamba kushoto ni kwa Bwana Harusi.

Miezi mitatu ikapita. Mama Milimita akapima wote kwa wiki mbili, namba zikajaa kadi, na tulipozijumlisha nilishikwa na baridi. Upande wa kushoto haukuwa umepona kama wa kulia. Leza ilikuwa inaharibu! Mkuu alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, akaniambia nianze kutafuta lile boksi. Nilikuwa nimeipigania mashine ile mbele ya bodi. Nilikwenda nyumbani nikakataa chakula.

Ijumaa yake mchana Mama Milimita alikuwa chumbani akipanga zile kadi kwa namba kabla ya kuzifungia kabatini. Kadi ya kumi na saba ilikuwa ya Tarumbeta. Pembeni, kwa mwandiko wangu mbaya, paliandikwa kwamba siku ya leza mgonjwa alikuwa na kidonda kwenye kona ya kushoto ya mdomo, hivyo leza ilifanywa kulia. Nilikuwa nimeandika na kusahau. Yeye hakuwahi kuambiwa. Akaangalia namba zake mwenyewe. Alikuwa amempima Tarumbeta akiamini kushoto kumepigwa leza, na kushoto kukatoka kubaya, kama kwa wengine wote. Ila kushoto kwa Tarumbeta hakukuwa kumeguswa na leza hata siku moja.

Wasomaji wangu, fikirini ni ninyi, mko peke yenu chumbani. Mmeshinda. Aliyewabishia mwezi mzima yuko nyumbani amejifunika shuka. Kadi ni moja tu kati ya arobaini, na aliyeandika maneno ya pembeni ameshayasahau. Mngefanyaje? Mimi najijua, nisidanganye watu.

Yeye alivuta mzani wa barua. Akamwita msaidizi wake, akamwomba augeuze ili yeye asione mshale, akafumba macho. Akamwambia amtajie majina ya wagonjwa na upande, naye abonyeze kama anavyombonyeza mgonjwa huyo. Kulia, msaidizi akaandika ishirini na nne. Kushoto, thelathini na mbili. Kulia, ishirini na tano. Kushoto, thelathini na tatu. Walirudia mpaka msaidizi akatokwa na machozi, kwa sababu alimpenda mama yule na hakutaka kuendelea kuandika. Siku za Jumatatu mkono haukuwa na wa kumchukia, basi ulisimama kwenye ishirini na tano. Kwenye kinywa cha mgonjwa, upande wa kushoto, ulikuwa ukibonyeza zaidi ili upate ulichokitaka, na mwenye mkono hana habari.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili kasorobo, watu kumi na mmoja tukiwa tumezunguka mzani, alisimama akasema namba zake zote za miezi mitatu zitupwe. Akaeleza kwa nini. Hakupamba. Alisema nyani haoni kundule, na yeye alihitaji kadi moja iliyokosewa ili aone lake. Halafu akanigeukia mimi, akaniomba radhi mbele ya wote, akaniita daktari na si mwanangu. Mkuu alijaribu kusema kwamba hakuna haja ya kutupa zote. Mama Milimita alikuwa ameshazipiga mstari mwekundu, kadi moja moja, Jumamosi nzima.

Tukaanza upya na wagonjwa wengine arobaini. Safari hii Dada wa mapokezi alirusha sarafu kwa kila mgonjwa, akaandika upande, akafunga bahasha. Nilikwangua pande zote, nikafungua bahasha, nikapiga leza upande ulioandikwa. Upande wa pili niliingiza uzi vilevile na mashine ikalia vilevile lakini mwanga nimeuzima, ili mgonjwa naye asijue. Mama Milimita alipima bila kuambiwa kitu, na kila asubuhi ya kupima alibonyeza mzani kabla na baada. Taabu ilikuwa wagonjwa. Wapo waliokaa kwenye kiti wakaanza kumhadithia wanavyohisi nafuu upande fulani. Aliwawekea pamba mdomoni kabla hawajamaliza salamu.

Majibu hayakumpa ushindi yeyote, na labda ndiyo maana nayaamini. Kwenye mifuko mifupi leza haikuongeza chochote juu ya kukwangua. Kwenye ile mirefu, ya milimita tano na kuendelea, upande wa leza ulikuwa nafuu kwa chini ya nusu milimita, na damu ilipungua mapema zaidi. Baada ya miezi sita tofauti yenyewe ilikuwa imesinyaa mpaka tukawa tunaitafuta. Ilikuwa hesabu ya kliniki moja ndogo, si ya kubadilisha vitabu. Lakini ilitosha kubadilisha geti. Tangazo la zamani likashuka, likapanda jingine ambalo aliliandika yeye, na mpaka leo lipo: Kwanza tunakwangua. Panapohitajika tunaongeza leza, inaweza kusaidia kidogo. Nyumbani ni mswaki wako. Mkuu alinung'unika kwamba hakuna tangazo duniani lenye neno kidogo. Mama Milimita akamjibu kwamba hakuna fizi duniani inayosoma matangazo.

Bwana Harusi bado tunaye, na kwa mifuko mirefu namtumia kwa roho safi. Tarumbeta naye meno yake mawili ya mbele bado yapo. Yalikwanguliwa, yakafungwa pamoja kwa waya mwembamba, yakapimwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka tisa. Mifuko ya milimita saba ikashuka mpaka nne na kukaa hapo. Hamkatalii tena mtu yeyote anayeshika chuma cha kukwangulia, na mjomba wake amekuwa mgonjwa wetu.

Basi sasa sababu.

Mume wa Mama Milimita alikuwa fundi saa, na ndiye aliyegundua kwanza. Mwezi wa kwanza mwaka huu alisikia kikombe cha mkewe kikigonga kisahani, mara mbili tatu, asubuhi baada ya asubuhi. Fundi saa hasikii kitu kama hicho akanyamaza. Yeye mwenyewe aliacha kazi siku aliyodondosha skrubu moja ndogo na kushindwa kuiokota, naye alimwambia mkewe kwamba mkono ukianza kubishana nawe, usibishane nao, utakushinda. Jumatatu iliyofuata Mama Milimita alibonyeza mzani mbele yetu. Thelathini na moja. Kumi na tisa. Ishirini na nane. Tulikuwa tumesimama pale na kila mmoja akajifanya anatafuta kalamu. Msaidizi wake aliyekuwa na daftari hakuandika. Mama akachukua daftari, akaandika mwenyewe.

Akajipa Jumatatu tatu. Alikwenda hospitali, akaambiwa si ugonjwa wa kuua, ni mtetemeko tu wa umri na hauna haraka. Kwa kazi nyingine nyingi usingemzuia. Jumatatu ya tatu namba zilikuwa zile zile, akaacha barua mezani kwa Mkuu kabla ya saa tatu. Mkuu alimwomba akae ofisini, asimamie masjala, amalizie miaka yake miwili kwa amani. Alishukuru, akasema hakuajiriwa kupasha kiti moto. Hakuna ugomvi, hakuna viyoyozi, na mjukuu anajilea mwenyewe. Anaondoka kwa sababu ya mshale wa mzani ambao aliuweka yeye, na ambao hakuna mtu mwingine kati yetu angethubutu kumsomea.

Nilidhani hapo ndipo wasifu huu ungeishia. Lakini Ijumaa iliyopita, wagonjwa walipokwisha, aliniita chumba namba nne. Nikamkuta amelala kwenye kiti, kitambaa kifuani, taa imewashwa. Miaka thelathini na minne hakuwahi kukikalia kiti kile. Akaniambia nimpime kinywa kizima, msaidizi aandike, ili astaafu akijijua.

Nilimpima. Sikumbuki kupima kwa utulivu kama ule. Tatu, mbili, tatu. Mbili, mbili, tatu. Jino kwa jino, kinywa kizima hakuna kilichozidi tatu, na moyoni nikasema sawa, ndivyo ilivyopasa kuwa, ni nani mwingine awe na fizi kama hizi. Nilipomaliza, akakaa, akafuta mdomo, akanyoosha kidole kwenye mzani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaenda kubonyeza kama nilivyokuwa nikimbonyeza yeye.

Kumi na nne.

Akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo hajawahi kunitumia, kwamba mwanangu, mkono wako unanipenda, nami nashukuru, lakini fizi zangu hazitapona kwa kupendwa. Akalala tena. Sikuona vizuri kwa muda, na si kwa sababu ya taa. Nikabonyeza mzani mpaka nikapata ishirini na tano mara tatu, nikaanza upya. Kulia chini, jino la mwisho kabisa, pale ambapo mara ya kwanza nilitamka tatu, kijiti kikaenda mpaka tano, na damu ikafuata. Mganga hajigangi. Nilitamka tano kwa sauti yote, ikasikika mpaka kwa mlinzi, na yeye kule kwenye kiti akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu alilolingoja.

Mama, umetufundisha kazi, na umetufundisha kuiogopa mikono yetu wenyewe kwa adabu. Asante kwa matofali mawili, kwa daftari jekundu, kwa mstari mwekundu juu ya kadi arobaini. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na saa mbili kasorobo, chai isiyokuwa na haraka pamoja na fundi wako, na maisha mema kila siku utakayoamka. Mzani umebaki mezani, na daftari sasa ninalishika mimi.

Kadi yako ya miadi ipo kwa Dada wa mapokezi. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, saa mbili kamili, jino la mwisho kulia chini. Kwanza tutakwangua. Nami nitakuwa nimeshaubonyeza mzani.